Perege Waliopandishwa Mlimani

Mambo yafuatayo hayakubishaniwa na yeyote kati ya waliokaa kwenye benchi la Solomoni Jumamosi ile, na kwa watu wa benchi lile kukubaliana juu ya jambo lolote ni tukio linalostahili kukumbukwa. Kwamba maji ya Bwawa la Nyumba ya Mungu yalikuwa yamerudi nyuma kiangazi hiki, hata mitumbwi ikalala juu ya tope lililopasuka. Kwamba perege wanaovuliwa humo hawazidi kiganja cha mkono, nao ni wachache, ilhali kambale wamejaa. Kwamba alfajiri samaki huonekana juu ya maji, midomo wazi, kama wanakwaya wanaosubiri kuanzishiwa wimbo. Kwamba kiangazi cha mwaka jana Ezra, mvuvi wa bwawa hilo, aliwachagua perege wakubwa wa kwenye ghuba yao, akawatia katika mapipa ya plastiki, akawapandisha kwa lori la vitunguu hadi kwenye kidimbwi cha kaka yake, katika kihamba chao, shamba la ukoo lililoko juu ya Makumira, kwenye mteremko wa Meru. Na kwamba kesho yake, baada ya ibada, kamati ya mwalo anakopaki mtumbwi wake ingekaa kuamua kama Ezra ndiye aliyewamaliza perege, na kama mtumbwi huo utolewe majini na usirudi tena. Hayo yote yalikubaliwa. Kilichobaki ni sababu, na juu ya sababu hapakuwa na watu wawili wenye kauli moja.

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, Ngarenaro, ubavuni mwa karakana ya kuchomelea mageti. Solomoni huketi mbele yake na birika la kahawa juu ya mkaa na sahani ya kashata. Mwenye karakana ni Sifaeli, kaka yake Ezra, aitwaye Kipimo kwa kuwa hupima mara mbili na bado hukosea. Kulia kwake hukaa mzee Lomayani, Mwarusha aliyemaliza ujana wake kwenye minada ya ng'ombe. Huyo ni Mnada, na samaki hajawahi kumtia kinywani. Wa tatu ni Naftali, aliyepika miaka mingi kwenye chuo cha Makumira na ambaye huzungumza kana kwamba alifundisha huko. Jina lake ni hilohilo, Makumira. Mimi wananiita Pingamizi, nami sijawahi kupinga.

Lipo jambo moja zaidi ambalo msikilizaji hana budi kulijua kabla ya yote. Ushauri wa kuwapandisha samaki mlimani ulitoka kwenye benchi hili. Siku hiyo sikuwepo, hivyo nasimulia ya kuambiwa, na ya kuambiwa yapokelewe kwa tahadhari. Ezra alikuja kumsalimia kaka yake, akaeleza kwa hofu jinsi maji yanavyokauka. Mnada akamwambia kwamba mfugaji mwenye akili hangoji mifugo ianguke: kiangazi kikikaza huwatoa majike bora bondeni, huwapeleka mlimani penye majani, ili mbegu isipotee. Kipimo akakitoa kidimbwi chake. Makumira akasema kisayansi inawezekana. Ezra akatii. Kwa hiyo kesi ya kesho ilikuwa kesi ya watu wanne, ingawa aliyeitwa ni mmoja.

Kipimo alikuwa ametua ndoo chini, katikati ya miguu yetu. Ndani yake alitulia perege mmoja, mweusi mgongoni, akiwa amekaa chini kabisa kama aliyekatazwa kuinuka.

Kipimo: Huyo hapo. Nimemtoa kidimbwini asubuhi. Ezra atapiga simu jioni hii, akipata mtandao. Anataka maneno ya kusema kesho. Kwa hiyo jamani, leo sitaki utani.

Mnada: (akichungulia ndoo kama achunguliaye shimo la nyoka) Ndo yeye?

Kipimo: Ndo yeye.

Mnada: Mbona hajanenepa? Mwaka mzima yuko mlimani, majani yote yale!

Kipimo: Mke wangu Joyce anawatupia pumba kila asubuhi. Na majani ya magimbi.

Mnada: Basi ana minyoo.

Kipimo: Nimesema sitaki utani.

Mnada: Nani anatania? Ng'ombe asiponenepa mlimani, cha kwanza unaangalia minyoo.

Mimi: Fundi, alipoletwa alikuwa na ukubwa gani?

Kipimo: Huu huu. Tena walikuwa wanapendeza! Pasaka kwaya nzima ilipanda kuwaona, wakapiga nao picha.

Mimi: Wamezaa?

Kipimo: Sijaona kitoto hata kimoja.

Mimi: Na maji ya kidimbwi yakoje?

Kipimo: Baridi. Ukizamisha mkono unauma hadi kiwikoni. Si yanatoka msituni moja kwa moja, kwenye mfereji?

Hapo niliwaomba watulie kidogo, kwa sababu tulikuwa tumepata kitu. Samaki yuleyule, wa damu ileile, aliyekuwa akikua na kuzaa kwenye maji ya tambarare, alipohamishiwa maji baridi aliacha kukua na akaacha kuzaa. Hakuna aliyemvua mama yake. Hakuna aliyemloga. Yalibadilika maji, naye akabadilika. Hilo halikuthibitisha kilichotokea bwawani, lakini lilithibitisha kwamba kitu cha namna hiyo chaweza kutokea. Nikasema waliweke akilini.

Makumira: Ndicho nilichotaka kusema. Maji! Utafiti unasema—

Mimi: Utafiti wa nani?

Makumira: Wa chuoni.

Mimi: Wa darasani au wa jikoni?

Makumira: Jikoni ndiko walikuwa wanakuja kuongea, Pingamizi. Darasani walikuwa wanasinzia. Sasa nisikilizeni. Tazameni meno yetu. (Akavuta midomo kwa vidole.) Kahawia. Mimi, Kipimo, hata Solomoni hapo. Nani alitupaka rangi? Maji ya Meru. Tumeyanywa tangu tukiwa wadogo. Haya, maji hayohayo yanaenda wapi? Yanashuka mto Usa, yanaingia mto Kikuletwa, yanaishia bwawani. Jua linapiga, maji yanapanda juu, ile chumvi inayotupaka meno inabaki chini. Mwaka huu, mwaka ujao, inazidi kuwa kali. Perege anaikogelea, anainywa, hana hata chai ya kubadilishia. Ataacha kudumaa?

Mnada: Hebu fungua mdomo wa huyo tuone.

Kipimo, mtu ambaye dakika chache zilizopita alikataza utani, alizamisha mkono, akamshika perege, akamfunua mdomo. Tuliinama wote. Hata Solomoni aliacha birika.

Mnada: Mbona hana?

Kipimo: Anayo. Madogo madogo, kama msasa.

Makumira: Rangi?

Kipimo: Sioni rangi.

Mimi: Basi kielelezo chenu kimekataa kutoa ushahidi.

Makumira: Huyo meno yameshaoshwa na maji ya mlimani.

Mimi: Maji ya mlimani si ndiyo uliyoyashitaki sasa hivi?

Makumira akajishughulisha na kashata. Kwa haki yake niseme kwamba hoja yake ilikuwa na chembe ya maana: maji yakipungua, kilichomo ndani huzidi ukali. Lakini mlima ule haukuhamia pale mwaka jana. Perege walikuwa wakubwa mlima ukiwepo, na sasa ni wadogo mlima ukiwepo. Anayetaja sababu ya badiliko anapaswa kutuonyesha kitu kilichobadilika.

Kipimo: Kilichobadilika ni joto. Mimi kazi yangu ni moto, naujua. Bwawa limekuwa na kina kifupi. Jua linalichemsha kama ndoo ninayopozea chuma. Samaki anasinyaa humo humo.

Mimi: Chuma kikipata moto hufanyaje, fundi?

Kipimo: Kinatanuka.

Mimi: Na samaki?

Kipimo: Anasinyaa.

Mimi: Kwa nini iwe kinyume?

Kipimo: Kwa sababu si chuma! Unataka nimchomelee?

Mnada: Nyie mnazunguka tu. Mimi samaki sili, na mjukuu wangu akila asiguse kikombe changu, lakini mifugo naijua. Ukame ukikaza ng'ombe anakonda. Analala chini, mnamwinua kwa mkia. Mbuzi je? Mbuzi hana habari. Anakula miiba, anakula boksi, anakula na tangazo la mkutano. Haya. Kambale ndo mbuzi. Perege ndo ng'ombe. Bwawa limekuwa nchi ya mbuzi. Mnabishana nini?

Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo kauli yenye busara kuliko zote zilizotolewa mchana ule. Nilipaswa kunyamaza, kwa maana Mnada akisifiwa hukanyaga mafuta.

Mnada: Na mbuzi huyo wa majini anatembea.

Makumira: Anatembea wapi?

Mnada: Nchi kavu! Shemeji yangu wa Terrat alimkuta kambale barabarani, mvua inanyesha, anakwenda zake.

Kipimo: Alikuwa amekunywa nini?

Mnada: Kambale au shemeji?

Kipimo: Wote wawili.

Mnada: Chekeni tu. Kambale anatoka majini, anazunguka kwa nchi kavu, anaingia kwenye kiota cha perege kwa mlango wa nyuma.

Solomoni: Mzee, mlango wa nyuma wa kiota kwenye maji uko upande gani?

Mnada: Wewe mimina kahawa. Na ninawaambia kitu kingine. Hawa perege hawajafa. Wamehama.

Makumira: Wamehamia wapi tena?

Mnada: Huku kwetu. Jike likipandishwa mlimani, ndama atakaa bondeni? Atalia, atanusa, atapanda. Wale wakubwa tuliowapandisha, harufu yao inashuka na maji kila siku. Mfereji, Usa, Kikuletwa, bwawa. Watoto wanaisikia. Wanapanda! Bwawani hawapo kwa sababu wako njiani.

Makumira: Aisee! Na mimi wiki hii nimeona mfereji unatoka povu pale chini ya daraja!

Mnada: Ndo hao!

Kipimo: (kwa sauti ya chini) Wakifika wote, kidimbwi changu hakitatosha.

Hakutania. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala, na mtu asiyelala huamini mengi. Nilisubiri wanyamaze, kisha nikamgeukia Mnada.

Mimi: Mzee, unajua umefanya nini?

Mnada: Nimeeleza.

Mimi: Umesema perege wameondoka bwawani kwa sababu Ezra aliwatoa mama zao. Hilo ndilo shitaka lenyewe. Kamati haijasema zaidi ya hapo. Umemtetea mtoto wa watu mpaka umemtia hatiani.

Fimbo ya Mnada ilianguka chini, na hakuiokota.

Wakati huo alifika mama mmoja aliyeagiza geti kwa Kipimo. Mnada alimsalimu kwa Kimaasai kama wamsalimuvyo mama, "Takwenya, yeyo," naye akajibu, "Iko." Jina lake, tulivyoambiwa, ni Sinyati. Geti lilikuwa bado halijapakwa rangi. Kipimo alimwomba radhi, akamwonyesha nafasi mwishoni mwa benchi. Solomoni akampa kikombe. Ndipo simu ya Kipimo ikalia, naye akaiweka sauti ya wote kusikia na kuilaza juu ya goti.

Ezra: Shikamooni wazee.

"Marahaba," tukajibu kwa pamoja, kwa nguvu kupita kiasi.

Kipimo: Dogo, uko wapi? Upepo unavuma sana.

Ezra: Nimepanda juu ya mtumbwi, kaka, nimeupindua. Hapa ndo mtandao unakamata. Kaka, mambo si mazuri. Jana mzee mmoja wa kamati alipita hapa asinisalimie. Mke wangu Tabitha amefunga vyombo. Watoto nimewaambia tunakwenda kumwona bibi mlimani. Mdogo ananiuliza kama tutarudi.

Solomoni alipunguza mkaa kana kwamba ndio uliokuwa ukipiga kelele.

Mimi: Ezra, nina maswali. Nijibu ninachouliza tu, usiongeze. Ng'ambo ya bwawa kuna mwalo mwingine?

Ezra: Upo.

Mimi: Huko kuna mtu aliyehamisha samaki?

Ezra: Hakuna.

Mimi: Na perege wao wakoje?

Ezra: Kama wetu. Vidogo, vichache.

Mimi: Umeona kwa macho yako au umesikia?

Ezra: Nimeona. Wanawaleta gulioni.

Mimi: Kuna mahali popote perege wakubwa bado wanapatikana?

Ezra: Wapo. Mto unapoingilia. Maji mapya yanashuka pale, meupe, yana mwendo. Hapo hata leo ukitupa wavu unapata perege wa kujaza sahani.

Mimi: Na kwenye ghuba yenu?

Ezra: Maji ni ya kijani, mazito kama mlenda. Usiku yanakosa hewa. Alfajiri perege wako juu, wanahema. Kambale yeye anapanda, anavuta hewa kama mtu, anarudi chini zake. Na yale mafunjo ya pembeni, ambako perege alikuwa anachimba kiota, sasa ni vumbi. Mbuzi ndo wanalala.

Mnada: (kwa ushindi) Mbuzi!

Kipimo: Mzee, nakuomba.

Kwa mara ya kwanza siku ile nilihisi ardhi ngumu chini ya miguu. Kama pasipohamishwa samaki perege wamedumaa vilevile, na kama penye maji mapya na hewa perege bado ni wakubwa, basi mkono wa Ezra hauonekani katika jambo hili, unaonekana mkono wa maji. Mafunjo yamekauka, viota hamna. Hewa imepungua, aliyejaaliwa kuvuta ya juu ndiye anayebaki. Nikawaeleza hivyo, nao wakanisikiliza kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwenye benchi lile. Lakini sikuweza kuishia hapo. Shahidi aliyesema hayo ndiye mshitakiwa, na kwenye kamati wapo wenye macho kama yake ambao wangemwuliza nilichotaka kumwuliza.

Mimi: Ezra, ile ghuba yenu imeungana na bwawa kubwa?

Ezra: Masika inaungana. Kiangazi tope linaikata.

Mimi: Mwaka jana, ulipowatoa wale wakubwa, ilikuwa imekatwa?

Ezra: Ilikuwa imekatwa. Ilibaki kama sufuria. Ndo maana niliogopa, nikaja hapo kwenu.

Mimi: Kwa hiyo uliwatoa ndani ya sufuria.

Ezra: Ndiyo.

Mimi: Wakubwa waliobaki humo walikuwa wengi?

Ezra: Sikubakisha wengi, mzee. Niliambiwa nichague bora.

Mnada aliitazama ardhi. Kipimo alinigeukia, mishipa imemsimama shingoni.

Kipimo: Wewe uko upande gani?

Mimi: Na kamati nayo itauliza hivyo. Heri tuulize sisi kwanza. Bwawa zima hawezi kulimaliza kwa mapipa. Hilo hata mtoto analijua. Lakini wao hawavui bwawa zima, fundi. Wanavua ghuba ile.

Makumira: Subirini. Subirini kwanza. Wanadai amewamaliza, si ndiyo? Lakini hawajaisha! Wapo! Huyu hapa kwenye ndoo! Nani aliyemla hata mmoja?

Kipimo: Hakuna. Joyce alitaka kukaanga Krismasi, nikakataa.

Makumira: Basi! Mwizi anakula. Sisi hatukula. Ezra, kesho simama, waambie: ndugu zangu, sikuchukua, nilihifadhi. Nilikuwa mtunzaji. Mbegu yenu ipo salama, mlimani, kwenye maji safi.

Mnada: Hapo sasa! Waambie ulikuwa unawatunzia. Kama anavyofanya mfugaji yeyote.

Ezra: (sauti ikapata uhai) Hilo naweza kulisema. Kwamba nilikuwa nahifadhi.

Makumira: Lirudie, tukusikie.

Ezra: Ndugu zangu, sikuchukua. Nilihifadhi. Kiangazi kilikuwa kikali, nikaona heri wakae mlimani mpaka mvua.

Kipimo: Safi, dogo. Safi sana. Sema hivyohivyo, taratibu, usitetemeke.

Kipimo alivuta pumzi ndefu, nadhani ya kwanza tangu asubuhi. Makumira alinyosha kikombe chake. Hata mimi nilipima utetezi ule nikaona unasimama: ulikuwa na nia njema, ulikuwa na samaki walio hai, ulikuwa na desturi inayojulikana nchi nzima ya kaskazini. Upande wa pili wa benchi Sinyati aliweka kikombe chini.

Sinyati: Samahanini, wazee. Mimi samaki siwajui. Naomba niulize.

Mnada: Uliza, yeyo. Hapa ni kwenu.

Sinyati: Ng'ombe tunawapandisha kiangazi, mvua ikinyesha tunawashusha. Masika ya mwaka huu si ilinyesha?

Kipimo: Ilinyesha.

Sinyati: Hata huko bwawani?

Ezra: (kwenye simu) Ilinyesha, mama. Maji yalijaa mpaka kwenye mafunjo. Ghuba iliungana.

Sinyati: Sasa hawa mbona hawakushushwa?

Aliuliza bila ukali, kama mtu anayetaka kujua njia. Nilimtazama Mnada, ambaye maisha yake yote amepandisha na kushusha mifugo na anajua mwezi wa kila jambo. Aliinama kuokota ile fimbo, akachelewa kuinuka. Makumira alikuwa bado amenyosha kikombe. Solomoni aliliinamisha birika juu yake, yakatoka machicha, kisha hakikutoka kitu.

Kipimo: Sisi tulikuwa... unajua Pasaka ilikuwa...



Katika ndoo, ambayo ilikuwa imekaa juani tangu tulipoanza kubishana, perege alikuwa ameacha kukaa chini. Alikuwa amepanda juu ya maji, mdomo wazi, akiufungua na kuufunga bila sauti. Kielelezo kilikuwa kimeanza kutoa ushahidi, na hakuna aliyenyosha mkono kumbadilishia maji.

Ezra: Haloo? Kaka? Mmenyamaza au mtandao?

Kipimo: Tupo, dogo.

Ezra: Huyo mama aliyeuliza... hilo ndilo wataniuliza. Kuna mzee mmoja hapa hawezi kuliacha. Niwajibu nini?

Upepo ulivuma ndani ya simu. Kipimo aliitazama, kisha akatutazama mmoja mmoja, na kila alipofika mtu alikuwa anatazama kwingine.

Yote niliyoyasikia nimeyaweka mbele yako, ya kumsaidia Ezra na ya kumwangusha, wala sikupunguza. Unao mwalo wa ng'ambo, ambako hakuna aliyegusa samaki na perege wamedumaa. Unao mdomo wa mto, ambako maji yana hewa na perege ni wakubwa. Unayo ghuba iliyokatwa na tope kama sufuria, wakatolewa humo walio bora. Unayo masika iliyokuja na kupita, na Pasaka iliyoangukia katikati yake, kwaya ikapiga picha na samaki ambao hawakushushwa. Wewe huna undugu na mtu yeyote hapa, na kahawa ya Solomoni hujainywa. Kesho, ibada ikiisha, chukulia umekalishwa kwenye kiti cha mwenyekiti wa kamati, na Ezra amesimama mbele yako akikungojea, Tabitha nyuma yake na vyombo vimefungwa. Mtumbwi wake unaubakiza majini, au unautoa?